Kola ya Mwaka wa Kwanza

Orodha ilibandikwa Jumatano asubuhi kwenye mlango wa stoo, na humo nilikuwa mtu wa miaka minne.

Niliisoma mara mbili, nikidhani nimeruka mstari. Mkataji, miaka minne. Mimi nimesimama kwenye meza ya kukatia vitambaa ya kiwanda hiki miaka kumi na sita. Niliikuta ina feni tatu juu yake, sasa imebaki moja, na hiyo moja inazunguka ikijisikia. Kidole gumba changu kina sugu ya mkasi ambayo hata jiwe la kusugulia miguu limeishindwa. Halafu mtu amekaa kwenye kiti, ananipa miaka minne kama mtoto wa chekechea.

Na hesabu hiyo haikuwa mchezo. Kiwanda chetu cha kushona sare kilikuwa kinahamia jengo dogo, na tangazo lilisema wazi: aliyefanya kazi kwa mwajiri huyu miaka mitano au zaidi atahama na kiwanda, aliye chini ya hapo ataagwa. Mwenye pingamizi alete ushahidi kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Watu kumi na mmoja tuliandikiwa minne. Nikiangalia umri wangu na magoti yangu, nilijua hakuna kiwanda kingine kitakachonipokea. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa nakasirika.

Wananiita Mama Mkasi, na si kwa sababu ya kazi tu. Nikavaa kitambulisho changu cha zamani shingoni, nikapanda ngazi za ofisi mbili mbili.

Karani wa mishahara tunamwita Kalamu Mbili, kwa kuwa hajawahi kuonekana na moja. Ana miaka miwili tu pale kiwandani, na ni mpole. Upole wake ndio ulionizidishia hasira, maana huwezi kugombana vizuri na mtu anayekusogezea kiti.

"Kaa kwanza, mama," akasema.

"Sikai. Nani kakwambia nina miaka minne?"

"Kompyuta." Akaigeuza nione. "Mwajiri wako ni Vazi Imara. Vazi Imara imeanza miaka minne iliyopita. Kabla ya hapo sina kitu. Mafaili ya zamani yaliloa stoo, yakatupwa."

"Kabla ya Vazi Imara palikuwa Mshono Safi. Kabla ya Mshono Safi palikuwa Sindano Tatu. Jengo hili hili, mzee mwenye kiwanda yule yule, na choo kile kile kisichofungika. Kitambulisho hiki hapa, kina picha yangu nikiwa na mashavu."

Akakishika, akakisoma kwa adabu, akanirudishia. "Kimeandikwa Sindano Tatu, mama. Jina jingine. Mzee mmoja anaweza kuwa na kampuni tatu, na kwa sheria hao ni waajiri watatu. Mimi nakuamini, lakini kwenye orodha hakuna mahali pa kuandika kwamba nakuamini. Niletee fomu zako za mshahara na kodi, zile unazopewa kila mwaka. Hizo ndizo zinazosema mwajiri ni nani hasa."

Hapo nikakaa kwenye kile kiti. Anayenijua anajua kwamba mimi kukaa baada ya kukataa ni habari.

Ni kwa sababu fomu zile nilizikata. Ngoja niseme mapema ili aibu iishe haraka. Mkataji hakati nguo kwa kubahatisha. Anakuwa na paterni, yaani kipande cha karatasi ngumu chenye umbo la kola au mfuko. Anakilaza juu ya kitambaa, anakizungushia chaki, ndipo anakata. Karatasi nzuri ya paterni ni ghali. Na zile fomu za zamani za kodi zilikuwa karatasi nzuri kuliko zote nilizowahi kushika: nene, imenyooka, haijikunji pembeni. Kila mwaka nilipopewa yangu nilitazama jina langu, nikatazama kiasi cha chini kabisa, nikashusha pumzi, kisha nikaigeuza na kuchora mfuko. Baadaye wakaanza kutumia karatasi nyepesi isiyofaa kwa paterni, na hizo niliwashia jiko. Iliyobaki nzima nyumbani ilikuwa ya mwaka jana, nayo ilibaki kwa sababu ilianguka nyuma ya kabati.

Niliwauliza wenzangu. Mpiga pasi, ambaye naye aliandikiwa minne wakati amechomwa na pasi za kiwanda kile miaka tisa, alisema zake alifungia sahani walipohama nyumba. Wengine hata hawakukumbuka kama waliwahi kupewa. Vitambulisho vya zamani walikuwa navyo wote, na wote walikuwa wamerudishwa navyo.

Alhamisi jioni wifi yangu alikuja nyumbani. Ni dada mkubwa wa mume wangu, karani wa shule, na mtaa mzima humpelekea fomu zake ajaze, kwa hiyo anazipenda fomu kama wengine wanavyopenda tamthilia. Nikamweleza yote. Alicheka kwanza, na nilimwacha acheke kwa kuwa ni wifi na ana haki yake.

"Wifi, umekata fomu za serikali ukatengeneza mifuko?"

"Mifuko, mabega na makola. Endelea kucheka, jua linazama."

Akainyoosha ile fomu ya mwaka jana mezani. "Wewe ukipewa hii huwa unasoma wapi?"

"Jina langu. Na huku chini."

"Na huku juu kulia?"

"Huko ni mambo yao."

"Huko ndiko kuliko na kazi yako," akasema, na sauti yake ikabadilika, cheko likaisha. Akaweka ukucha kwenye kisanduku cha kwanza. "Hapa ni jina la mwajiri. Jina ni kama kibao cha mlangoni, leo unaning'iniza hiki, kesho kile. Hapa chini ni anwani, nayo inahama. Lakini hiki kisanduku cha kati ni namba ya mwajiri kwenye ofisi ya kodi. Hiyo kampuni haipewi mara mbili. Mzee akibadilisha jina la kampuni ile ile, namba inabaki. Akifungua kampuni mpya, anapewa mpya. Soma."

Nikasoma. 407 118 263. Miaka yote nilikuwa napewa namba ile mkononi, na sikuwahi kuitazama hata kwa bahati mbaya.

"Kwa hiyo tukipata fomu moja ya Sindano Tatu," nikasema taratibu, "na namba ikiwa hii..."

"Mwajiri ni yule yule, na miaka yako ni kumi na sita. Ikiwa nyingine, basi tena. Ofisi ya kodi wenyewe wanaweza kukutolea nakala, ila wanachukua wiki mbili."

Sikumbuki niliinukaje. Nakumbuka tu kwamba mfuko wa paterni zangu za nyumbani ulikuwa tayari umemwagika sakafuni, nami nimepiga magoti juu yake, magoti yale yale ninayoyalalamikia kila siku. Vipande mia na kitu. Vya gazeti tukaweka kando, vya boksi kando. Wifi alikuwa anageuza, mimi nageuza. Vya fomu, vingi vilikuwa na mistari ya chini tu, ile ya makato. Kona ya juu haikuwepo, kwa sababu mkataji huanzia konani, ndipo karatasi ilipo safi, na kipande cha kwanza ndicho kinachotumika sana hadi kichakae.

Kisha nikashika kifuniko cha mfuko, kipande kidogo cha kutosha kiganja, na nilijua kabla ya kukigeuza. Karatasi ya mwaka wa kwanza ilikuwa nene kuliko zote. Nyuma yake paliandikwa SINDANO TA, na chini ya hapo 407 11.

"Wifi," nikasema. Nikamsogezea kile kipande.

Akakitazama, akanitazama, akapiga paja. Halafu akajirudi, maana ndiyo tabia ya watu wa fomu. "Tulia. Nusu ya namba si namba. Biashara nyingi za eneo moja, namba zao huanza sawa. Hizo nne zilizobaki ndizo zitakazosema. Kipande cha pembeni yake kiko wapi?"

Hapo sasa tukaingia kwenye kazi yangu. Sijui fomu, lakini karatasi niliyoikata mwenyewe naijua. Nikalaza kifuniko mezani. Chini yake nikaweka mfuko wa shati, ukakaa. Kushoto bega la mtoto, likakaa, na jina langu likatokea lote pamoja na mwaka. Nilikuwa napanga bila kufikiri, kama ninavyopanga vipande juu ya kitambaa nisipoteze hata upana wa kidole kimoja. Fomu ya miaka kumi na sita iliyopita ikafufuka mbele ya macho yetu, imebaki na tundu moja tu juu kulia. Tundu hilo lilikuwa na umbo la kola.

Nililitambua mara moja. Kola ya shingo namba kumi na tano. Ninaitumia kila siku ya Mungu. Ilikuwa imening'inia kwenye msumari kando ya meza yangu kiwandani, na geti la kiwanda lilikuwa limefungwa saa moja iliyopita.

Kabla hajaondoka wifi alinishauri nivibandike vile vipande kwa gundi. Gundi ya nini, na cherehani ipo. Nikavishonea juu ya kile kitambaa kigumu tunachokiweka ndani ya kola, mshono wa nyoka wa kupindapinda, mwepesi usitoboe maandishi. Kwenye tundu nikaacha wazi.

Asubuhi ya Ijumaa nilifika getini kabla ya mlinzi hajamaliza chai. Nikapita mbio hadi kwenye meza yangu. Msumari ulikuwepo. Kola haikuwepo, wala kipande kingine chochote.

"Jana jioni tulianza kufungasha," mpiga pasi akaniambia kutoka nyuma. "Wakasema karatasi zote kuukuu ziingie kwenye magunia ya mabaki. Wewe ulitoka mapema."

Mabaki ya vitambaa hununuliwa kila Ijumaa na bwana mmoja anayejaza mito ya kulalia. Nikatazama dirishani. Gari lake dogo lilikuwa uani limepakiwa magunia ishirini na tatu, na yeye mwenyewe alikuwa anafunga kamba.

Nilifika uani sijui vipi. Nilimkuta anakaza fundo la mwisho, nikalishika.

"Fungua," nikamwambia.

"Dada, haya nimeshalipia kwa kilo."

"Nitakupakilia upya mwenyewe, gunia kwa gunia. Mojawapo lina maisha yangu."

Alinitazama, akautazama mkono wangu kwenye kamba, akaona hautoki. Akafungua.

Tukamwaga magunia uani. Mpiga pasi akaja, akawaita wale wengine walioandikiwa minne, na nikawaeleza huku nachambua: kisanduku cha kati, namba, jina lisilo na maana. Nadhani nilieleza vibaya, lakini walielewa kwamba ni kwa ajili yao pia, maana waliinama wote. Saa tatu ikapita. Saa nne ikapita. Uani palijaa vipande vya kaki, vyeupe na vya kijani hadi magotini, na upepo mdogo ukaanza kutuchezea.

"Inafananaje hiyo karatasi?" mpiga pasi akauliza.

"Inafanana na kola."

"Mama Mkasi, hapa kila kitu kinafanana na kola."

Yule bwana wa mito alikuwa amesimama kando amekunja mikono, na kutuangalia kulikuwa kunamuumiza. Hatimaye akashindwa. "Mnatafuta kwa macho," akasema. "Mtakesha. Mimi karatasi ikiingia kwenye mto, mteja anaurudisha kesho yake, inampigia kelele sikioni. Situmii macho. Fanyeni hivi." Akachota vipande kwa mikono miwili, akavitikisa karibu na sikio, akavitupa. Akachota vingine.

Basi tukanyamaza. Wanawake kumi na mmoja, mwanamume mmoja wa mito, na mlinzi aliyejiunga bila kuombwa, tumesimama juani tunatikisa vitambaa masikioni. Angepita mtu angetuitia daktari. Moyo wangu ulikuwa unapiga kiasi kwamba niliogopa hautaniachia nafasi ya kusikia kitu kingine.

Ilipata saa tano na robo. Bwana wa mito akasimama na gunia la kumi na saba miguuni pake, kichwa amekiinamisha. Akatikisa tena. Sote tulisikia: mchakacho mkavu, mdogo.

Akanipa fungu zima bila kulifungua. Nikachomoa kaki, nikachomoa nyeupe, na katikati yake kikatokea kipande changu, kimelainika pembeni kwa chaki ya miaka kumi na sita, na namba 15 kwa mwandiko wangu wa bluu. Nikakigeuza. TU. Chini yake, imefifia lakini inasomeka, 8 263.

Sikulia. Wanaosema nililia wanatia chumvi. Lilikuwa vumbi la vitambaa. Ila nilicheka, na nilicheka vibaya, nikamkumbatia yule bwana hadi kofia ikamtoka, kisha nikapanda ngazi na msafara mzima nyuma yangu.

Kalamu Mbili alisimama alipotuona tunajaa mlangoni. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia tangu Jumatano, makali, yamepangwa kwa mpangilio. Yote yakaniponyoka. Nikatandika ile fomu ya kushonwa mezani kwake, nikaiweka kola kwenye tundu lake. Ikaingia pale kama haikuwahi kutoka.

"Soma yako kwenye kompyuta," nikamwambia, "nami nasoma yangu."

"Nne, sifuri, saba."

"Nne, sifuri, saba."

"Moja, moja, nane."

Nane ilikuwa upande wa pili wa mshono, kwenye kola. Niliweka kidole juu yake ili isikimbie. "Moja, moja, nane."

"Mbili," akasema, na sasa alikuwa haangalii kompyuta, anaangalia kidole changu, "sita..."

"Tatu," wakamalizia watu wote mlangoni.

Akakaa. Akapitisha kiganja juu ya mshono, akasoma jina langu, akasoma mwaka. "Mwajiri ni yule yule," akasema. "Basi majina hayanisumbui tena. Mwenye kitambulisho cha Sindano Tatu au Mshono Safi akilete, nitahesabu tangu tarehe iliyoandikwa humo." Mlangoni watu wakaanza kupekua mikoba.

Wakati huo mzee mwenye kiwanda akaingia, amekuja kusaini orodha. Akauliza ile nguo yenye maandishi mezani ni nini. Kalamu Mbili akamwambia ni fomu ya Sindano Tatu. Mzee akainama, akaitazama kwa muda mrefu. Alikuwa amevaa shati jeupe la kiwandani, na mimi nikatazama shingo yake kwa mazoea ya kazi.

"Kola uliyovaa imetoka hapo, mzee," nikamwambia. "Kumi na tano. Zimetoka hapo zote, kwa majina yote matatu."

Mkono wake ukaenda shingoni wenyewe, ukashika ncha ya kola. Akamtazama karani, akaitikia kwa kichwa.

Kalamu Mbili akatoka na sisi hadi kwenye mlango wa stoo. Alichomoa kalamu moja, akakata ile nne iliyo mbele ya cheo changu kwa mstari mmoja ulionyooka. Kisha akachomoa ya pili, akanipa.

"Andika mwenyewe, mama."

Mkono huu umekata makola yasiyo na idadi na haujawahi kupinda, lakini kwa tarakimu mbili ulipinda. Nikaandika 16, kubwa kuliko nafasi yake, ikaingia hadi kwenye mstari wa mpiga pasi. Hakulalamika. Alikuwa nyuma yangu ameshika kitambulisho chake, anasubiri kalamu.